Breki ya Mbele

Baba mkubwa aliponikabidhi kwa mama yangu pale stendi ya Kayanga alisema sentensi moja tu, tena kwa Kiswahili, ingawa sote tulikuwa na Kihaya cha kutosha. "Shemeji, mtoto huyu arudi kama alivyokuja." Mama akapiga goti kidogo, akajibu, "Atarudi hivyohivyo, shemeji." Baba mkubwa akapanda tena kwenye lori lililotuleta kutoka Bukoba, hakunywa hata maji. Nilikuwa darasa la sita. Mara ya mwisho kuishi na mama nilikuwa sijajua kufunga kamba za viatu.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na hilo halina mjadala. Baba yangu alipofariki, wakubwa walitaka mama arithiwe na mdogo wa marehemu. Mama alikataa. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu, alikataa tu, na kwa kuwa alikataa aliondoka na nguo zake, mimi nikabaki kwa baba mkubwa. Baadaye tukasikia ameolewa Karagwe, huko Kiruruma, na mtu asiye na ukoo upande huu: Mnyarwanda aliyevushwa mpakani akiwa mgongoni mwa mama yake, miaka ya vurugu za kwao, akakulia kwenye vibarua vya kupalilia migomba ya watu. Kazi yake sasa ilikuwa kubeba ndizi kwa baiskeli kwenda sokoni. Nyumbani kwa baba mkubwa walimwita "yule wa baiskeli", na mimi nilikua nikimjua hivyo.

Mama aliomba kwa miaka nipelekwe nimwone. Mwisho baba mkubwa akakubali, kwa shingo upande, likizo moja ya mwezi wa sita. Ilikuwa likizo ya kupima. Nikirudi salama ningekuwa nakwenda kwa mama kila shule zinapofungwa. Nikirudi na kasoro yoyote, ndiyo basi tena. Hakuna aliyenificha jambo hili. Niliambiwa tukiwa mezani, mbele ya watu wote, na mama alikuwa ameambiwa vilevile kupitia kwa kaka yake.

Yule wa baiskeli alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara muda wote, hakutaka kumkaribia baba mkubwa. Lori lilipoondoka ndipo alipovuka. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa kofia ya sufu kwenye jua kali. "Hujambo, binti?" Nikasema sijambo, nikaamkia shikamoo, nikaishia hapo, kwa sababu baada ya shikamoo nilitakiwa kuweka neno la kumwita na sikuwa nalo. Alifunga sanduku langu la bati kwenye keria kwa mpira wa tyubu, akapigapiga bomba la mbele la baiskeli kwa kiganja. "Panda hapa, nikusukume."

"Atatembea," mama alisema.

"Ni mbali."

"Atatembea. Akianguka je?"

Basi sanduku likapanda baiskeli na mimi nikatembea, tukapita Bugene, tukapita mashamba na mashamba, hadi Kiruruma. Nilifika miguu imevimba na roho imevimba zaidi. Nilikuwa mtoto mwenye gubu, sikatai. Gubu lenyewe bado ninalo.

Nilidhani nimekwenda likizo, kumbe nimekwenda kuhifadhiwa. Mama hakuniruhusu kushika panga. Hakuniruhusu kwenda kisimani kwa sababu njia ilikuwa na utelezi, katika mwezi ambao hata umande ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kahawa ilikuwa imeiva na kila mtoto wa jirani alikuwa kwenye mibuni akichuma, mimi nikaambiwa kuna siafu. Nikataka kumenya ndizi za mchana, akaninyang'anya kisu. "Utajikata." Bukoba nilikuwa namenya ndizi za nyumba nzima, na wageni juu! Jioni akiniogesha, msichana mkubwa mimi, alinigeuzageuza kama anayenunua mbuzi.

"Hii nini?"

"Mbu."

"Ulikuja nayo?"

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliona machoni mwake kwamba ameuliza kweli. Alikuwa anauhesabu mwili wangu kwa ajili ya baba mkubwa, upele kwa upele.

Nikaanza kumchukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile nilikuwa nimemwota mama, nikimwekea maneno mazuri mdomoni, na sasa nimempata, nipo naye chumba kimoja, na yeye ananitazama kama mlinzi wa ghala. Nilinuna. Niliacha kula maharage, kisha nikaacha kula ndizi. Siku moja mchana, nimekaa karibu na majamvi ya kahawa nikifukuza kuku, kazi pekee niliyoruhusiwa, nikamwambia nataka kurudi Bukoba.

Sikujua nimemchoma wapi. Nilijua baadaye, nilipokuwa mtu mzima na kuanza kufikiri kwa upande wake. Kama ningerudi mzima lakini nikasema sitaki kwenda tena kwa mama, mambo yangekuwa yaleyale. Alikuwa amebanwa huku na huku: aniache nicheze niumie, au anishike ninune. Alisimama na ungo mkononi, akatazama migomba kwa muda, kisha akamgeukia mume wake aliyekuwa akiziba pancha kivulini.

"Mfundishe baiskeli," alisema. "Uwanja wa shule. Pale tu, usitoke naye."

Yule mtu aliacha kupampu. Nadhani alikuwa ameshalitoa wazo hilo siku nyingi na kukatazwa, maana hakuuliza swali hata moja.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, wenye majani yaliyokauka na ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba kwenye goli. Baiskeli ilikuwa ya Kichina, nyeusi, ya kiume, kubwa kuliko akili yangu. Kukaa kwenye siti nisingeweza, kwa hiyo nilifundishwa kama wanavyofundishwa watoto wote wa kule, mguu mmoja unapenya chini ya bomba kwenda pedeli ya pili, mwili umepinda upande mmoja. Wanawake waliopita njiani na majani ya ng'ombe kichwani walisimama kunitazama. Mmoja alimwuliza mama kama binti wa Kihaya hana aibu, kupanua miguu hivyo mchana kweupe. Mama alikuwa amesimama pembeni ya uwanja, kiganja mdomoni.

Yule mtu alikimbia nyuma yangu ameshika keria, tukazunguka na kuzunguka. Alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, na pale kilipomwishia alijazia Kinyambo cha wenyeji au Kinyarwanda bila kuomba radhi. Kabla hajaniachia peke yangu alisimamisha baiskeli, akanishikisha mikono yote miwili.

"Breki ni mbili. Hii ya kushoto ni ya nyuma. Mpira wake umeisha, inashika kidogo tu, lakini ndiyo rafiki yako. Hii ya kulia ni ya mbele. Nimeikatia mpira wa tairi la lori. Inakamata kweli." Miaka ile dukani hakukuwa na kitu, mtu alijikatia breki zake kama alivyojikatia viatu. "Hapa uwanjani unaweza kucheza nayo. Kwenye mteremko usiikabe. Ukiikaba, baiskeli inasimama na wewe unaendelea."

Niliitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nasikiliza kama mtoto anavyosikiliza wakati ametengewa chakula.

Aliponiachia sikujua kama ameniachia. Niliona tu ng'ombe akinipita, na goli likinipita, na sauti ya pumzi zake nyuma yangu imekatika. Nikacheka kwa nguvu. Nikamsikia na mama anacheka kule pembeni, nikamtazama, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona ana mwanya kama wangu, mahali palepale. Baada ya hapo niliangukia ubavu polepole kwenye majani na hakuna aliyejali. Jioni ile nilikula sahani mbili. Mama aliniambia nikiwa nimeshiba, kama anayesema jambo la kupita, "Mwite baba. Neno halitakula hela yako." Sikumwita. Lakini niliacha kumkwepa.

Sasa, mteremko. Kutoka nyumbani kwa mama barabara nyekundu inashuka hadi bondeni kwenye kijito, inanyooka vizuri, kisha inapinda kwenye mikaratusi, kisha inashuka tena. Kila siku ya soko nilikuwa nimemwona yule mtu akishuka pale na mikungu ya ndizi imefungwa huku na huku, baiskeli haionekani, zinaonekana ndizi zenye kofia ya sufu. Alisimama kwa mguu mmoja kwenye pedeli, mguu mwingine wenye ndala ya tairi ukiburuza chini, na vumbi likimfuata. Nilitamani kitu kile mpaka nikakosa usingizi. Tangu nifike, kila nilipogeuka palikuwa na mkono wa mtu juu yangu. Pale mteremkoni, nilijiambia, hakuna mkono utakaonifikia.

Nilimwomba. Akasema mama yako ataniua. Nikamwomba tena kesho yake, na keshokutwa. Likizo ilikuwa inaelekea mwisho. Siku hiyo mama alikuwa amekwenda kanisani kwenye kikundi cha akina mama, na sisi wawili tulikuwa tumekaa pale barabara inapoanza kuinama, yeye anapaka cheni mafuta.

"Baba yangu angeniruhusu," nikasema.

Baba yangu alikuwa karani aliyeogopa hata mbuzi. Asingeniruhusu kamwe. Lakini yule mtu hakumjua, na marehemu hana wa kumpinga. Alifuta usukani kwa mkono wa shati, akaufuta tena mahali palepale.

"Tutaanzia katikati," akasema. "Juu, hapana. Na unashika ya kushoto tu."

Tulianzia katikati. Alikimbia na mimi hatua za mwanzo, ameshika keria, kisha keria ikamponyoka au aliiachia, sijui hata leo. Mwanzo ulikuwa mtamu. Sina neno jingine. Upepo uliingia kwenye gauni, migomba ikaanza kukimbia pande zote mbili, na pedeli zikawa hazinihitaji tena. Nilipiga ukelele wa furaha, nadhani, au wa hofu, maana vilikuwa vimeanza kufanana. Kisha mawe madogo yakaanza kuruka. Baiskeli ikaanza kutetemeka mikononi, na mikaratusi ambayo ilikuwa mbali ikawa mikubwa ghafla. Nikabana breki ya kushoto. Ilishika kidogo, kama alivyosema. Kidogo hakikutosha. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe, nao ukashika, na hapohapo nikasikia tairi la mbele likilia na nyuma ya baiskeli ikawa nyepesi.

Yeye aliona. Alipiga kelele kutoka juu.

Lazima nieleze hapa, vinginevyo mengine yote hayataeleweka. Kwa Kihaya cha nyumbani, kwa Kinyambo cha pale na kwa Kinyarwanda cha kwao kuna maneno mawili ambayo ni ndugu, na lugha hizo hupishana tu kwenye r au l. *Reka* ni acha, koma. Ndilo neno nililopigiwa tangu nikitambaa, nikigusa sufuria ya moto, nikivuta mkia wa paka. *Rekura* ni achia, fungua mkono. Yeye alisema *rekura*. Alisema achia hiyo breki ya mbele, mtoto, achia kabla haijakurusha. Upepo ukala mkia wa neno, na mimi nikapata *reka*. Koma! Mtu anayeambiwa koma akiwa juu ya baiskeli afanye nini? Nilitii. Niliikaba ya kulia kwa vidole vyote.

Baiskeli ikasimama na mimi nikaendelea.

Sikumbuki kutua. Nakumbuka ladha ya udongo, na mkono wangu wa kushoto umelala chini umepinda mahali ambapo mkono haupindi, nikautazama kama wa mtu mwingine. Yule mtu alifika akiwa hana kofia. Alivua shati, akanifunga mkono, akanifunga na kidevu, akaniweka kwenye lile bomba ambalo mama alikataa nilipande, akanisukuma mpaka hospitali ya misheni akiwa kifua wazi. Njia nzima alikuwa anasema neno moja, "Bambe, bambe," ambalo kwao ni kama pole, lakini nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe.

Mama alitukuta huko. Alisimama mlangoni akaangalia mkono uliofungwa plasta ngumu, akaangalia kidevu kilichoshonwa. Hakuniuliza kama inauma. Alimwambia mume wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wameshamchukua."

Hilo lilinikasirisha kuliko maumivu. Nilikuwa pale, nimekaa kwenye benchi, nina damu kwenye gauni, na mama analia msiba wangu kana kwamba nimeshaondoka. Nilitaka kumpigia kelele kwamba mimi huyu hapa. Kidevu hakikuniruhusu.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri kuliko zote, nalo ni jambo baya kulisema. Mama aliacha kunikagua. Hakukuwa na cha kulinda tena. Aliniacha nitoke, niende kisimani nikae na wenzangu, nichume kahawa kwa mkono mmoja. Alinilisha yeye mwenyewe ingawa mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima, na mimi nilimwacha anilishe. Alinisuka nywele mara mbili, akifumua asubuhi kazi ambayo haikuwa na kasoro na kuanza upya. Lakini mama hakumsemesha mume wake. Yule mtu aliacha kupanda baiskeli. Siku ya soko nilimwona akiisukuma mteremko mzima kwa miguu, na ndizi zake, watu wakimpita.

Mara moja niliwasikia nyuma ya jiko.

"Tuseme aliteleza kisimani," mama alisema.

"Sema wewe. Mimi nikiulizwa nitasema ilivyokuwa."

"Wewe hukuzaa. Ndiyo maana."

Niliona tu akitoka, akaenda kukaa na mibuni.

Baba mkubwa alikuja siku iliyopangwa, asubuhi, viatu vimepigwa rangi. Mama alipiga magoti akamwamkia. Mume wake aliamkia shikamoo, ingawa umri wao haukupishana sana, akavuta kiti kilicho kizuri. Kisha mama akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote huku kwetu, tajiri au maskini. Baba mkubwa alichukua punje, akaiweka juu ya goti lake, akaiacha hapo. Sote tuliona. Mtu asiyetafuna kahawa yako hajaja kwako.

Upande wa baba mkubwa ulikuwapo ukoo mzima, hata kama alikuja peke yake. Upande wa yule mtu hakukuwa na kaka, wala mjomba, wala mzee wa kumsemea. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mkononi. Mimi nilisimama katikati, na mama alikuwa nyuma yangu amenishika mkono mzima.

"Nini hiki?" baba mkubwa aliuliza.

"Shemeji, mtoto aliteleza..." mama alianza.

"Namwuliza mtoto."

Niliwahi kuambiwa na shangazi yangu mmoja kwamba pale ningesema kisima, mambo yangeisha. Hayangeisha. Baba mkubwa angedai apelekwe kukiona kisima. Na zaidi ya hapo, sikutaka kusema kisima. Nilikuwa nimemtazama yule mtu akisukuma baiskeli yake kwa miguu kama mwizi aliyekamatwa, na nilijua jambo ambalo watu wengine hawakulijua: kwamba alisema neno sahihi. Nilitaka walijue. Nilikuwa najivunia.

"Nilianguka na baiskeli," nikasema.

"Nani alikupa baiskeli?"

"Baba."

Lilinitoka tu. Mkono wa mama ukanibana. Uso wa baba mkubwa haukubadilika, lakini yule mtu kule mlangoni aliinama akaanza kutazama kofia yake.

"Na huyo... alikuwa wapi wakati unaanguka?"

"Juu, nyuma yangu. Aliniona. Akaniambia *rekura*. Mimi nikasikia *reka*, ndiyo maana nikaanguka. Yeye alisema vizuri kabisa."

Nilimaliza nikasubiri. Kwa kweli nilisubiri kusifiwa, mimi na yeye.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa malori na viatu. Hajawahi kupanda baiskeli maishani. Alilirudia lile neno taratibu, kama anayelitafuna badala ya ile kahawa. "*Rekura*. Mtoto yuko kwenye mteremko, hajui chombo, amekamata breki ajiokoe. Na mtu mzima anamwambia achia."

"Ya mbele, mzee," yule mtu alisema. "Ile ya mbele. Ukiikaba, baiskeli..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mzee."

"Ni mimi niliyesema afundishwe," mama alisema. "Shemeji, ni mimi. Yeye asingethubutu."

Nilijaribu na mimi. Nilisema mpira wa tairi la lori, nilisema breki mbili, nilisema moja ni rafiki na nyingine inakamata. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika, na nikaanza kulia kwa hasira, kwa sababu kila neno nililosema lilikuwa la kweli na hakuna hata moja lililofanya kazi. Baba mkubwa hakunikaripia. Alinisubiri ninyamaze, kwa upole hata, kisha akamgeukia yule mtu.

"Bwana, neno lako ni zuri. Mwambie basi na mke wako. Mwambie kama ulivyomwambia mtoto."

Nilisikia kuku juu ya majamvi ya kahawa na hakuna aliyewafukuza. Yule mtu aliinua macho akanitazama mimi, kisha mama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Hakulisema. Namheshimu kwa hilo mpaka nife. Lakini lilikuwa limeshasemwa kwa namna nyingine, na mama alikuwa amelisikia. Vidole vyake vilifunguka vyenyewe kwenye mkono wangu, nikahisi ubaridi pale vilipokuwa.

Sanduku langu lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Mama ndiye aliyelifunga.

Sitaeleza safari ya kurudi. Baba mkubwa aliniongelesha vizuri njia nzima, akaniuliza kama plasta inawasha, na mimi sikumjibu mpaka tulipofika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidiwa kitu mbele ya watu, na hakukipata, na alikuwa wa aina ile ya watu ambao kwao hiyo inatosha. Sikupelekwa tena Kiruruma. Mama aliomba mwaka uliofuata, na uliofuata, kisha nikasikia haombi tena. Nilimkasirikia kwa kuacha kuomba. Nilikuwa nimekaa Bukoba, nimeshiba, nasoma, na kila likizo nilikuwa namkasirikia mtu mmoja aliyekuwa mbali asiyeweza kunijibu.

Nilikwenda mwenyewe nilipomaliza kidato cha nne. Baba mkubwa alikuwa mgonjwa, na hakukuwa na mtu wa kunikataza. Nilishuka Kayanga, nikatembea. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote njiani, mengine ya kumlaumu, mengine ya kuomba, na sikuwa nimeamua nitaanza na yapi.

Uani kulikuwa na watoto wawili wadogo, msichana na mvulana, wanacheza na mabua. Walinitazama. Msichana alikuwa na mwanya. Mama akatoka jikoni, na alinijua hapohapo, niliona kabisa kwamba amenijua, kwa sababu alisimama ghafla na kushika mlango. Nilingoja aseme mwanangu, au jina langu, chochote. Alivuta kiti kutoka ndani, akakifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akakifuta tena, akakiweka kivulini.

"Njooni," aliwaambia watoto. "Msalimieni mgeni."

Walikuja wote wawili, wakapiga magoti vizuri kama walivyofundishwa. "Shikamoo, mgeni." Nikaitikia marahaba, nikakaa pale nilipowekewa kiti.